Chembe nyeupe zimeshuka wakati wa homa ya virusi: mwongozo kamili wa kusoma majibu na kuchukua hatua

Majibu yakitoka maabara, macho hukimbilia mstari wa WBC, yaani jumla ya chembe nyeupe za damu. Pembeni yake kuna herufi L au mshale unaoelekea chini, na hapo ndipo wasomaji wengi wanaoniandikia hupotea njia. Wengine huingiwa na hofu kwa sababu ya 3.4 ambayo baada ya wiki moja ingekuwa imepanda yenyewe. Wengine, na hawa ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, huona 6.3 iko ndani ya kiwango, wakatulia, huku ndani ya hiyo 6.3 kuna aina moja ya chembe iliyopungua sana.

Jumla ya chembe nyeupe peke yake haisemi ugonjwa wa virusi ni mkali kiasi gani. Mambo manne husomwa pamoja: hali ya mgonjwa mwenyewe, aina ya chembe iliyopungua, siku ya ugonjwa, na kama namba zinapanda au zinashuka. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili usiruke hata moja kati ya hayo. Mwongozo huu hauchukui nafasi ya daktari. Unakusaidia kujua ni lini unamhitaji leo na ni lini unaweza kusubiri, na ukifika kwake uwe na taarifa zinazomfaa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi nzima ya kipimo cha damu kamili, siyo mstari mmoja uliosomewa kwa simu. Lazima iwe na mchanganuo wa aina za chembe nyeupe.
- Karatasi za vipimo vya damu vya zamani, hata vya miaka miwili au mitatu nyuma, hasa vile ulivyopima ukiwa mzima.
- Kipimajoto cha kwapani au cha mdomoni.
- Saa yenye mshale wa sekunde au simu, kwa ajili ya kuhesabu pumzi.
- Oksimita ya kidole, kama inapatikana.
- Orodha ya dawa zote alizotumia mgonjwa katika miezi mitatu iliyopita, zikiwemo za mitishamba na za kununua bila cheti.
- Daftari na kikokotoo.

Kama karatasi ina jumla ya WBC tu bila mchanganuo, rudi maabara uombe mchanganuo. Bila huo, hatua ya 4 haiwezekani, na hiyo ndiyo kiini cha kazi yote.

## Hatua ya 1: Mtazame mgonjwa kabla ya kutazama karatasi

Weka karatasi pembeni. Namba za damu ni za saa ile sindano ilipoingia, na mgonjwa anaweza kubadilika sana tangu hapo.

Mpeleke hospitali sasa hivi, bila kumaliza kusoma mwongozo huu, ukiona lolote kati ya haya:

- Anapumua kwa shida, au mtu mzima anavuta pumzi 30 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia. Kwa mtoto, pumzi za haraka ni 60 au zaidi akiwa chini ya miezi 2, 50 au zaidi akiwa na miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 hadi 5.
- Oksimita inasoma chini ya 94 mfululizo, kidole kikiwa na joto na bila rangi ya kucha.
- Amechanganyikiwa, haamki vizuri, au amepata degedege.
- Hawezi kunywa, au anatapika kila anachokunywa.
- Mikono na miguu ni ya baridi huku mwili una homa, au hajapata mkojo kwa saa 8 na zaidi.
- Damu inatoka puani, kwenye fizi, kwenye matapishi au kwenye choo.
- Tumbo linauma sana na haliachi.
- Shingo imekakamaa, au ana vipele vyekundu au vya zambarau visivyofifia vikibonyezwa na glasi.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima, siyo sekunde 15 kisha kuzidisha kwa nne. Mgonjwa wa homa hupumua bila mpangilio, na sekunde 15 hudanganya. Kwa mtoto, hesabu akiwa ametulia na si baada ya kulia, huku umefunua kifua uone kikipanda na kushuka.

Utajua umefaulu ukiwa umeandika daftarini: joto, pumzi kwa dakika, oksijeni kama ipo, mara ya mwisho alipokunywa na mara ya mwisho alipokojoa. Hizo ndizo namba za kwanza daktari atakazouliza.

## Hatua ya 2: Hakikisha namba zenyewe zinaaminika

Angalia jina, umri, tarehe na saa ya kuchukuliwa damu. Umri ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mtoto wa mwaka mmoja aliye mzima anaweza kuwa na jumla kati ya 6.0 na 17.0, na limfosaiti zake huwa nyingi kuliko neutrofili (ni aina mbili za chembe nyeupe, zinaelezwa hatua ya 4). Mashine ikiwa imewekwa viwango vya watu wazima, karatasi ya mtoto huyo itajaa mishale isiyo na maana.

Kisha tazama kipimo kilichotumika. 10⁹/L na 10³/µL hutoa namba ileile, kwa hiyo 3.4 ni 3.4 kote kuwili. Maabara nyingine huandika 3,400 kwa kila milimita moja ya ujazo. Ni kitu kilekile.

Kwa mtu mzima, maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida kati ya 4.0 na 11.0. Tumia mipaka iliyochapwa kwenye karatasi yako, kwa sababu inatofautiana kidogo kati ya mashine na mashine.

Onyo. Sampuli yenyewe inaweza kuleta majibu ya uongo. Damu ikiganda kidogo ndani ya kichupa, chembe hunaswa kwenye bonge na hesabu hushuka. Damu ikichukuliwa kwenye mkono wenye dripu, hupunguzwa na maji ya dripu, na kila kitu kinashuka kwa pamoja: chembe nyeupe, chembe nyekundu na chembe sahani. Majibu yakiwa ya chini mno huku mgonjwa ameketi anaongea vizuri, kuomba kipimo kirudiwe kwa damu mpya ni haki yako. Lakini kama ana homa, usisubiri majibu ya pili ukiwa nyumbani.

## Hatua ya 3: Hesabu siku ya ugonjwa

Siku ya kwanza ni ile homa au dalili ilipoanza, siyo siku ulipokwenda hospitali. Andika: damu ilichukuliwa siku ya ngapi?

Sababu ni kwamba chembe nyeupe hushuka na kupanda kwa mtiririko unaojulikana. Mwanzoni mwa maambukizi ya virusi, chembe nyingi hutoka kwenye damu na kwenda kwenye tishu na matezi, huko vita vilipo. Kumbuka kuwa limfosaiti zilizo kwenye damu wakati wowote ni takriban asilimia 2 tu ya limfosaiti zote za mwili. Unachopima ni zile zilizo safarini. Pamoja na hilo, baadhi ya virusi hupunguza kasi ya uboho wa mifupa kutengeneza chembe mpya, na vingine huziua chembe moja kwa moja.

Kwa watoto wenye homa za kawaida za virusi, neutrofili hushuka ndani ya siku moja au mbili za mwanzo na zinaweza kubaki chini kwa siku 3 hadi 8. Kwa hiyo WBC ya 3.2 siku ya 3 ni jambo linalotarajiwa. 3.2 ileile ikiwa bado ipo wiki ya tatu, homa ikiwa imekwisha, inahitaji kuulizwa maswali.

## Hatua ya 4: Toa hesabu halisi ya neutrofili na limfosaiti

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo pa kukaa kwa muda.

Karatasi huonyesha aina tano za chembe nyeupe kwa asilimia. Mbili ndizo zinazoamua mambo katika ugonjwa wa virusi. Neutrofili, zinazoandikwa NEU au NEUT, hupambana hasa na bakteria na kuvu. Limfosaiti, zinazoandikwa LYM au LYMPH, ndizo zinazotengeneza kingamwili na kuua chembe za mwili zilizokwisha kuingiwa na virusi.

Asilimia pekee inapotosha. Asilimia ya limfosaiti inaweza kuonekana kubwa kwa sababu tu neutrofili zimepungua. Unachotaka ni idadi halisi. Mashine nyingi huiandika pembeni kwa alama ya #, na kama haipo, piga hesabu hii:

WBC × asilimia ya chembe ÷ 100 = idadi halisi

Tuchukue mifano miwili.

*Mgonjwa wa kwanza* ana umri wa miaka 28, mafua makali, siku ya 3. WBC ni 3.4, NEU asilimia 41, LYM asilimia 47. Neutrofili ni 3.4 × 41 ÷ 100 = 1.39. Limfosaiti ni 3.4 × 47 ÷ 100 = 1.60. Jumla iko chini na karatasi ina mshale, lakini limfosaiti zipo za kutosha na neutrofili zimepungua kidogo tu.

*Mgonjwa wa pili* ana umri wa miaka 67, UVIKO-19, siku ya 8. WBC ni 6.3, NEU asilimia 86, LYM asilimia 9. Neutrofili ni 5.42. Limfosaiti ni 0.57. Jumla iko ndani kabisa ya kiwango cha kawaida, mstari wa WBC hauna mshale wowote, na huyu ndiye mgonjwa wa kuangaliwa kwa karibu.

Sasa gawa neutrofili kwa limfosaiti. Wa kwanza anapata 0.9, wa pili 9.5. Katika UVIKO-19 ilionekana wazi kwamba wagonjwa waliozidiwa mara nyingi walikuwa na limfosaiti chache na uwiano huu ukiwa mkubwa. Hakuna namba moja inayotenganisha salama na hatari, na dawa za steroidi huupandisha uwiano huu zenyewe. Lakini uwiano unaopanda kutoka kipimo hadi kipimo, huku pumzi zinaongezeka, ni sababu ya kutosha ya kurudi hospitali.

Utajua umefaulu ukiwa na namba mbili zenye desimali, moja ya neutrofili na moja ya limfosaiti, zote ndogo kuliko WBC. Zikijumlishwa zisizidi WBC. Zikizidi, umekosea kuzidisha.

## Hatua ya 5: Pima uzito wa upungufu

Kwa neutrofili za mtu mzima:

- 1.5 na zaidi: hakuna upungufu.
- 1.0 hadi 1.5: upungufu mdogo. Hatari ya ziada ya maambukizi ni ndogo sana.
- 0.5 hadi 1.0: upungufu wa kati. Daktari ajue, na kipimo kirudiwe mapema.
- Chini ya 0.5: upungufu mkubwa. Bakteria wa kawaida wanaokaa mdomoni, tumboni na kwenye ngozi wanaweza kuingia kwenye damu.

Kwa limfosaiti za mtu mzima, chini ya 1.0 ni upungufu. Kadiri zinavyokaribia 0.5 au kushuka zaidi, ndivyo uangalizi unavyopaswa kuwa wa karibu, hasa kwa mzee, mjamzito, au mtu mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au VVU.

Onyo kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu. Neutrofili chini ya 0.5 pamoja na joto la 38.0 au zaidi ni dharura. Usisubiri asubuhi. Mgonjwa wa namna hii anatakiwa aanze antibiotiki za mshipani ndani ya saa moja baada ya kufika hospitali, hata kama homa ilianza na virusi. Na usitegemee kuona usaha au uvimbe mwekundu ili kuamini kwamba kuna maambukizi. Usaha hutengenezwa kwa kiasi kikubwa na neutrofili zenyewe. Zikiwa hazipo, koo linaweza kuoza bila doa jeupe na mapafu yakajaa bila makohozi. Homa ndiyo inaweza kuwa dalili pekee.

Anayetumia dawa za saratani aichukulie kanuni hii kwa uzito zaidi, kwa kuwa chembe zake hufika chini kabisa mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Ikiwa ana homa, aende hata kabla ya kujua hesabu yake.

## Hatua ya 6: Linganisha na damu yako ya siku ya uzima

Toa zile karatasi za zamani. Tafuta neutrofili zako ukiwa huna ugonjwa.

Watu wengi wenye asili ya Afrika, pamoja na baadhi ya watu wa Mashariki ya Kati, wamezaliwa na neutrofili zinazozunguka kwenye damu kwa idadi ndogo, mara nyingi kati ya 1.0 na 1.5. Hali hii inatokana na alama ya urithi iitwayo Duffy ambayo haipo juu ya chembe zao nyekundu. Uboho wao ni mzima, neutrofili hutoka kwenda vitani kama kawaida, na hawaugui zaidi ya wengine. Tatizo liko kwenye viwango vilivyochapwa kwenye karatasi, ambavyo vingi vilitokana na vipimo vya watu wa asili nyingine.

Kwa hiyo mtu ambaye daima huwa na 1.2, na leo akiwa na mafua ana 1.1, hajashuka. Mtu ambaye daima huwa na 4.5, na leo ana 1.6, karatasi haitamwekea mshale wowote, lakini amepoteza zaidi ya nusu. Mshale haujui historia yako. Ndiyo maana nakuomba utunze kila karatasi ya damu unayopewa.

## Hatua ya 7: Soma mistari ya jirani

Chembe nyeupe hazisomwi peke yake. Tazama pia himoglobini (HGB), haematokriti (HCT), yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu, na chembe sahani (PLT), ambazo ndizo zinazosaidia damu kuganda.

Zote tatu, yaani nyeupe, nyekundu na sahani, zikiwa chini kwa pamoja, na sampuli ni nzuri, uboho wenyewe unaweza kuwa na tatizo, au bandama imevimba na inanasa chembe. Hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya damu, siyo ya kusubiri virusi viishe. Maabara ikiandika kwamba imeona chembe changa zisizo za kawaida, nenda wiki hiyohiyo.

Homa ya dengi inastahili maelezo yake. Katika dengi, chembe nyeupe hushuka mapema, mara nyingi kabla ya chembe sahani. Kipindi cha hatari huja joto linaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7, na hudumu saa 24 hadi 48. Wakati huo maji ya damu yanaweza kuvuja nje ya mishipa, na ndicho kinachoua.

Tazama mfano. Siku ya 3: WBC 2.6, chembe sahani 142, haematokriti 40, joto 39.4. Siku ya 5: WBC 2.9, chembe sahani 61, haematokriti 47, joto 37.2. Ukisoma mstari wa WBC na kipimajoto tu, utasema anapona. Ukisoma vyote, utaona chembe sahani zimepungua zaidi ya nusu huku haematokriti imepanda, maana yake damu inazidi kuwa nzito kwa kuwa maji yake yanatoka nje ya mishipa. Familia nyingi hurudisha mgonjwa nyumbani siku hii hasa. Siku hii anatakiwa awe wodini.

Usidhani pia kwamba kila chembe nyeupe zikishuka chanzo ni virusi. Malaria, homa ya matumbo na homa ya brusela nazo huzishusha. Aliye kwenye eneo la malaria, au aliyetoka huko, apimwe malaria hata kama majibu ya damu yanafanana kabisa na ya virusi.

## Hatua ya 8: Pitia dawa moja baada ya nyingine

Wakati mwingine virusi vinalaumiwa bure. Dawa zinazojulikana kushusha chembe nyeupe ni pamoja na carbimazole ya tezi ya shingo, clozapine ya magonjwa ya akili, co-trimoxazole, zidovudine, methotrexate, azathioprine, ganciclovir, baadhi ya dawa za kifafa kama carbamazepine, na dawa ya maumivu iitwayo metamizole au dipyrone.

Anayetumia carbimazole au clozapine akapata homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, aonwe na kupimwa damu siku hiyohiyo. Dawa nyingine usiziache kwa uamuzi wako, hasa za VVU na za kifafa. Ipeleke orodha kwa daktari, naye ndiye atakayepima kipi kizito: dawa au hesabu ya chembe.

Steroidi, kwa mfano prednisolone na dexamethasone, hufanya kinyume. Huzipandisha neutrofili kwenye karatasi na kuzishusha limfosaiti, bila kinga kuwa imeimarika. Usizinywe kwa ajili ya kupandisha chembe.

## Hatua ya 9: Uangalizi wa nyumbani kwa anayeruhusiwa kubaki

Anayebaki nyumbani ni yule asiye na dalili yoyote ya hatua ya 1, neutrofili zake ziko 1.0 au zaidi, chembe sahani hazianguki, na yuko karibu na mtu wa kumwangalia usiku.

Maji. Anywe kidogokidogo na mara kwa mara, mpaka mkojo uwe na rangi hafifu na atoe angalau kila saa 4 hadi 6 akiwa macho. Kama anaharisha au kutapika, tumia chumvi za kuongeza maji mwilini zilizochanganywa kwa kipimo cha pakiti.

Homa. Parasetamoli kwa mtu mzima ni miligramu 500 hadi 1,000 kila saa 4 hadi 6, isizidi miligramu 4,000 kwa saa 24, na iwe chini ya hapo kwa mwenye ugonjwa wa ini au uzito mdogo. Kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, zisizidi dozi nne kwa siku. Pima joto kabla ya kila dozi na uandike, maana dawa huficha homa ambayo ungepaswa kuijua.

Usitumie aspirini kwa mtoto mwenye homa ya virusi. Usitumie aspirini, ibuprofen wala diclofenac kwa mtu yeyote mpaka dengi iwe imeondolewa kwenye orodha, kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa damu.

Kinywa na ngozi. Mswaki laini mara mbili kwa siku. Kagua ndani ya mdomo kwa tochi kila asubuhi: vidonda vipya au utando mweupe viandikwe. Kipimajoto kisiwekwe njia ya haja kubwa neutrofili zikiwa chini, kwani mchubuko mdogo pale ni mlango wa bakteria.

Watu na chakula. Punguza wageni, hasa wenye mafua. Kila anayemhudumia aoshe mikono kwa sabuni kwanza. Chakula kiwe kimepikwa hadi ndani na kiliwe kikiwa cha moto. Hakuna chakula, juisi wala kidonge cha vitamini kinachoweza kupandisha chembe zilizoshushwa na virusi ndani ya siku chache. Vitamini B12 na foliki asidi husaidia pale tu zinapokuwa zimepungua mwilini kweli.

Surua ina jambo lake la pekee. Virusi vyake huingia ndani ya limfosaiti za kumbukumbu na kuziangamiza, hivyo mtoto anaweza kusahau kinga alizokwisha kuzipata na kubaki dhaifu mbele ya magonjwa mengine kwa miezi mingi, wengine hata miaka 2 au 3. Mtoto mwenye surua apelekwe kituoni kwa ajili ya vitamini A, ambayo hutolewa kwa dozi mbili siku mbili mfululizo kulingana na umri. Na baada ya kupona, homa yoyote aipatayo ishughulikiwe mapema kuliko ungefanya zamani.

Onyo. Homa iliyokwisha kwa siku moja au mbili kisha ikarudi kwa nguvu, pamoja na kikohozi kipya au maumivu ya kifua, mara nyingi ni bakteria waliofuata nyuma ya virusi. Huyo arudi hospitali siku hiyo, hata kama kipimo cha juzi kilikuwa kizuri.

## Hatua ya 10: Rudia kipimo kwa wakati unaofaa

Kurudia kila siku bila sababu huleta hofu tu, kwa kuwa chembe hupanda na kushuka hata ndani ya siku moja. Kutorudia kabisa ni kosa kubwa zaidi. Tumia mpangilio huu, isipokuwa daktari amesema vingine:

- Dengi inayoshukiwa: kila siku mpaka kipindi cha hatari kipite.
- Neutrofili 0.5 hadi 1.0, mgonjwa hana homa: ndani ya siku 2 au 3.
- Neutrofili 1.0 hadi 1.5: wiki 1 hadi 2.
- Limfosaiti chini ya 1.0 kwa mtu aliyekwisha kupona: wiki 4 hadi 6.

Rudia maabara ileile ukiweza, na saa zinazokaribiana, ili tofauti unayoiona iwe ya mwili wako na siyo ya mashine.

Andika namba mpya kando ya za zamani katika safu moja: tarehe na siku ya ugonjwa, WBC, neutrofili, limfosaiti, chembe sahani, haematokriti, joto. Safu hiyo moja humwambia daktari mengi kuliko maelezo ya nusu saa.

Utajua mwili unapona ukiona hamu ya kula inarudi, mkojo unatoka, homa imekaa chini kwa saa 48 bila dawa, na chembe nyeupe zinapanda. Katika dengi, chembe nyeupe huanza kupanda kabla ya chembe sahani, kwa hiyo usiogope sahani zikichelewa siku moja au mbili ikiwa haematokriti imetulia na mgonjwa anakula.

Chembe nyeupe zikibaki chini hata baada ya kurudia kipimo kwa mpangilio huo, mwombe daktari kipimo cha VVU, vipimo vya homa ya ini B na C, vitamini B12, na kutazamwa kwa damu kwa darubini na mtu, siyo mashine pekee. Kipimo cha VVU kisiahirishwe kwa aibu: limfosaiti kuwa chache kwa muda mrefu ni mojawapo ya njia zinazowafikisha watu kwenye tiba mapema. Kama ni kipimo cha CD4, aina ya limfosaiti zinazoshambuliwa na VVU, kifanywe mgonjwa akiwa ametulia, kwa sababu CD4 nazo hushuka kwa muda wakati wa homa kali.

Neutrofili zilizo chini kwa zaidi ya miezi 3 zinahesabiwa kuwa upungufu sugu. Hapo uchunguzi unahamia kwa mtaalamu wa damu, na cha kubeba ni ile safu ya namba pamoja na orodha ya dawa.